Jina la Munyao Kwenye Kipaza Sauti

Kavindu alikuwa akigeuza chapati mlangoni pake askari wa chifu walipopita wakigonga madirisha kwa rungu. Biashara zifungwe, watu waende barazani. Alitoa kikaango kwenye makaa, akafunika unga kwa kanga, akaenda. Mtaani kwao, huku Eastlands ya Nairobi, aliyekosa baraza alikuwa anajitafutia balaa. Kibanda chake kingeng'olewa kabla ya Jumatatu.

Chifu alikuwa na kipaza sauti kipya. Alisema ujambazi umezidi, na kwamba kuna wenye leseni wanaowakodishia majambazi bunduki zao. Kwa hivyo amri imetoka juu: wananchi wajue nani ana silaha na analala wapi. Akaanza kusoma, jina, namba ya nyumba, aina ya silaha. Sauti iliruka ukuta wa uwanja na kuvuka barabara, na wanawake wa soko la Burma waliapa baadaye kwamba hawakukosa hata neno moja.

Kavindu alistaajabu kama wengine. Hakuwahi kuiona serikali ikijua mambo kwa ukamilifu namna ile. Bomba lao lilikuwa kavu tangu Pasaka na serikali hiyohiyo haikuwa na habari.

Lilisomwa jina la Githinji, nyumba F 20, bastola. Huyo alikuwa jirani yake, mwenye bucha. Kisha chifu akasoma, "Munyao, F 14, bastola," na uwanja mzima ukamgeukia Kavindu.

Munyao alikuwa mumewe, na alikuwa kaburini huko Kibwezi mwaka wa pili sasa. Enzi za uhai wake aliendesha gari la mishahara ya vibarua wa mashamba ya kahawa, na tajiri wake ndiye aliyemtafutia leseni. Baada ya mazishi, Kavindu aliifunga ile bastola kwenye leso, akaizika chini ya sukuma wiki ndani ya kiondo, akaipeleka kituo cha polisi. Askari wa zamu alimpa pole, akaichukua, akamwambia aende nyumbani. Kavindu alifurahi sana kuondokana nayo, hata hakuuliza kama kuna mahali pa kutia sahihi.

Alinyoosha mkono aseme. Chifu akadhani anampungia, akamtabasamia, na baraza likaisha.

Mchana kijana mmoja wa koti la ngozi, mgeni pale mtaani, alinunua chapati na kuila taratibu akiwa amesimama. Alikuwa na adabu.

"Mathe, tumeskia uko na mguu wa kuku," alisema. Hilo ndilo jina la bastola mitaani.

"Mwenyewe alikufa. Niliirudisha polisi."

"Si chifu amesema iko? Giza ikiingia tutakam. Usisumbuke kupika."

Alilipa na kuondoka. Kavindu aliogopa. Mtu akidaiwa kitu alicho nacho, atakitoa na kubaki na roho yake. Yeye angetoa nini?

Alimkimbilia chifu, akamkuta akinywa chai ofisini. Akamweleza yote, akamwomba atangaze tena kwamba F 14 hakuna silaha. Chifu hakuwa mtu mkali. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamvutia kiti.

"Mama, serikali haiwezi kusema jambo asubuhi na jioni iseme si hivyo. Tutakuwa wa kuchekwa. Ngoja baraza lijalo."

"Lijalo ni mwezi ujao, mzee. Hawa wanakuja leo. Basi niazime hicho kipaza sauti niseme mwenyewe."

"Hiyo ni mali ya serikali," chifu alimjibu kwa upole.

Jua lilikuwa bado juu ya mabati aliporudi. Alifungua mlango wazi, akaanza kutoa vyombo nje, kwenye nyasi zilizo kati ya nyumba na bomba. Viti, meza, jiko, sufuria. Jirani yake Warigia alikuja mbio, akauliza kama anahama.

"Sihami. Nataka waone."

Warigia alimtazama, kisha akashika kona ya kitanda. Watu wakaanza kukusanyika. Kavindu alipasua godoro kwa kisu na kutawanya sufi. Alimwaga unga kwenye beseni na kuupekecha kwa vidole mbele ya macho yao. Aliikung'uta suruali ya Munyao, akageuza mifuko yake nje. Alitandaza nguo zake za ndani, zenye viraka. Mwisho alileta kisanduku cha bati, akakifungua, na ndani mlikuwa na nguo za mtoto mchanga, mpya, zilizokunjwa vizuri na hazijawahi kuvaliwa. Hapakuwa na jirani aliyejua habari za mtoto huyo. Alizitoa moja moja, akazipunga hewani.

Wanaume wakavua kofia, wala hawakujua ni kwa nini. Kijana wa koti la ngozi alikuwa kwenye bomba, na macho yake yalifuata kila kitu mpaka kile kisanduku kilipobaki kitupu. Hapo akatazama chini, akaenda zake.

Githinji alibaki wengine walipotawanyika. Mkewe na binti zake walikuwa wakichungulia dirishani kwao.

"Kavindu, wewe umeweza," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi kwangu iko. Nitawaonyesha nini?"

Kavindu alishika upande mmoja wa kitanda, Githinji akashika wa pili, wakakirudisha ndani. Walipotoka, yule kijana alikuwa amesimama ng'ambo ya nyasi, akisoma namba iliyopakwa juu ya mlango wa F 20.