Samaki kwa Lucie, Mchuzi kwa Wenceslas

Lucie ameniuliza kama ni kweli mama yake aliwahi kumnyima baba yake samaki. Alisikia habari hiyo kwenye kilio, wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakicheka kwa sauti ndogo, kisha wakanyamaza walipomwona. Nikamjibu kwamba ni kweli. Yeye ana miaka tisa, na mama yake, yaya yangu Ernestine, yaani dada yangu mkubwa, tulimzika mwezi uliopita. Naandika mambo haya kama nilivyoyaona, watu wasije wakayageuza kuwa mzaha tu.

Ilikuwa mwaka 1984. Lucie alikuwa na miaka miwili, na mimi nilikaa kwao, mtaa wa Majengo, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano, ili nisome sekondari. Shemeji yangu Wenceslas alikuwa mbebaji: alishusha magunia ya maharagi kutoka kwenye malori ya Butembo. Mama yake, Mama Philomène, aliishi nasi, naye ndiye aliyegawa chakula. Hilo halikuwa jambo la kubishana. Alichota samaki au maharagi mazima akamwekea mwanawe, kilichobaki akatugawia sisi wanawake, na mchuzi akaumwaga juu ya bugali ya muhogo ya mtoto. Aliamini kwamba chakula kikichemka, nguvu yake yote inahamia ndani ya maji.

“Munakunywaka chai, majani munatupa,” alituambia. “Sasa nguvu iko wapi, mu majani ao mu maji?”

Hata mimi, niliyekuwa nikisoma biolojia, niliona hoja hiyo ina uzito.

Ernestine aliposhika mimba ya pili, Lucie aliachishwa ziwa. Baada ya miezi michache mashavu yake yakajaa na miguu ikawa mizito. Majirani wakasifu. Mama Philomène akambeba mlangoni ili wapita njia wamwone, na nywele zilipoanza kuwa nyekundu nyekundu akasema mjukuu wake anageuka muzungu. Ernestine hakucheka. Kilichomsumbua ni kwamba Lucie aliacha kucheza. Ukimweka kwenye mkeka asubuhi, mchana unamkuta palepale, anatazama ukuta. Hakulia hata alipoangushwa na mbuzi wa jirani.

Tukampeleka kwenye dispensari. Muuguzi, au infirmière kama tulivyozoea kumwita, aliitwa Marie-Claire, mwanamke mfupi mwenye haraka. Alibonyeza mguu wa Lucie kwa kidole gumba, akahesabu mpaka tano, akakiondoa. Shimo lilibaki.

“Haya si mafuta, ni maji,” akasema. “Mtoto ana bwaki, utapiamlo wa kuvimba. Anakula nini?”

Ernestine alimweleza bila kuficha. Marie-Claire akatuita kwenye meza waliyopanga vyakula kwa ajili ya akina mama. Upande mmoja muhogo, viazi vitamu na unga: hivyo vinatia mwili moto na nguvu ya kutembea. Upande wa pili maharagi, karanga, mayai na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu: hivyo vinajenga nyama na damu. Pembeni mboga za lengalenga, sombe ya majani ya muhogo, na mapera, vinavyokinga mwili usishikwe ovyo na ugonjwa. Hakuna upande unaoweza kufanya kazi ya mwingine, akasema. Lucie alikuwa anakula upande mmoja tu, basi tulikuwa tukiwasha moto katika nyumba isiyo na kuta. Na mchuzi? Mchuzi unachukua chumvi na harufu ya samaki, lakini samaki mwenyewe anabaki katika sahani ya baba.

Akatutaka turudi kila wiki. Miguu isipopungua katika wiki tatu, mtoto atalazwa. Hakutuficha kwamba wengi waliolazwa wakiwa wamechelewa hawakurudi nyumbani.

Mama Philomène alisikiliza maelezo yetu yote, kisha akasema amelea watoto saba kwa mchuzi. Mimi na Ernestine tulijua kwamba alizaa kumi na mmoja. Jioni ile aliomba kwa heshima Lucie awekewe samaki, naye akawekewa sambaza mmoja, asiyezidi kidole. Siku ya pili mmoja tena. Siku ya tatu, hakuna.

Siku ya nne Ernestine alikwenda mwenyewe asubuhi Kituku, soko la samaki kando ya ziwa, akarudi na sambaza kwenye beseni, akapika. Jioni, kabla mama mkwe hajanyanyuka, alishika mwiko. Samaki wote waliokuwa wa Wenceslas akawaponda katika sahani ya Lucie. Kisha akajaza bakuli ya mumewe mchuzi mpaka ukingoni.

Wenceslas alikoroga kwa kidole, akatafuta chini. “Samaki iko wapi?”

“Kwa mutoto.”

“Na mimi?”

“Papa Lucie, weye ndiye unabebaka magunia. Mama amesema nguvu yote iko mu muchuzi. Nimekupatia yote, sikubakisha hata tone.”

Nilidhani atapigwa. Wenceslas alimtazama mama yake, na mama yake akaitazama sahani yake mwenyewe. Angesema nini? Kama samaki ni bora, basi mjukuu alikuwa akinyimwa. Kama mchuzi ni bora, basi mwanawe amependelewa.

Kesho yake ikawa hivyohivyo, kwa maharagi. Siku ya tatu ya mchuzi Wenceslas alirudi amechoka, akasogeza bakuli kando.

“Mama, hii ni maji. Leo gunia limenishinda, wenzangu wamenicheka. Mutu habebe gunia na maji.” Akamtazama Lucie. “Na mutoto naye habebe mwili na maji. Ernestine, gawa vile infirmière alisema.”

Kumbe kugawa kulikuwa kazi ndogo. Lucie hakutaka kula. Mtoto wa bwaki hana njaa, na hilo watu hawalijui. Ernestine, na mimba yake, aliketi naye mara tano kwa siku, akimtia kinywani chembe moja ya samaki na maharagi yaliyopondwa, akingoja ameze, akitia nyingine. Akitema, anaokota anaanza tena. Niliporudi kutoka shule nilimkuta hapo, na nilipomaliza kufua nilimkuta hapohapo.

Halafu Lucie akakonda. Mashavu yakashuka, miguu ikawa vijiti. Alikuwa na kilo kumi na robo, mizani ikaonyesha karibu tisa. Sasa majirani waliacha kusifu. Mama Philomène alilia kweli, akafunga vitu vyake, akamfunga Lucie mgongoni kwa kikwembe, akasema anampeleka kwao Butembo kabla hajauawa kwa elimu ya karatasi. Wenceslas mwenyewe alisimama kando, hajui amshike nani.

Ernestine akasimama mlangoni.

“Mama, mimi sijasoma kama Wivine, huyu mudogo wangu. Sijui kama infirmière anasema kweli. Lakini kwa mara moja, beba Lucie umupeleke kwake, umubonyeze weye mwenyewe. Shimo likibaki, nitakufungia mizigo kwa mikono yangu.”

Wakaenda wote watatu, Lucie akiwa mgongoni mwa bibi yake, mimi nikiwa nyuma. Marie-Claire alimnyooshea tu Mama Philomène mguu wa mtoto. Kizee akabonyeza kwa gumba, akahesabu kwa Kinande, lugha ya kwao. Akaondoa. Ngozi ikarudi mahali pake. Akabonyeza mguu wa pili, halafu wa kwanza tena.

“Maji yametoka,” Marie-Claire akasema. “Ulichokuwa unakiona kama unene hakikuwa mwili wake. Mwili wenyewe ndio huu, sasa utajengwa.”

Jioni Mama Philomène alichukua mwiko kama zamani, na Ernestine akamwachia, ingawa nilimwona akikaza mkono juu ya goti. Kizee alichota samaki, akauelekeza mwiko upande wa mwanawe kwa mazoea. Hapo Lucie, ambaye hakuwa amelia kwa miezi miwili, akapiga ukelele, akanyoosha mkono kufuata ule mwiko, akaanguka kifudifudi kwenye mkeka, akazidi kulia kwa hasira.

Mama Philomène alimwinua, akamkalisha kwenye paja lake.

“Wenceslas, ngoja,” akasema. “Huyu kwanza.”