Marehemu na Mgonjwa

"Nani amewasha hii mashine?" mkubwa wa makumbusho aliuliza, na Mama Funguo, mtunza chumba kile, akajua palepale kwamba maji yamezidi unga.

Mgonjwa lilikuwa jina la utani la kijimea bapa cha kijani, kisicho na ua wala mzizi wa maana, kilichong'ang'ania jiwe ndani ya boksi la kioo. Porini kilikuwa kimebaki kwenye kijito kimoja tu. Chumbani humohumo alikaa Marehemu: bundi aliyejazwa pamba, wa mwisho wa aina yake, mwenye macho ya gololi. Wageni wote walimkimbilia yeye. Nani apoteze muda na kitu kama utando wa mtungini? Wafanyakazi walitania kwamba hapo kazini, heri kufa kuliko kuugua.

Tatizo, bundi hakutaka unyevu na kijimea hakikutaka ukavu. Mvua zilipokaza, Mama Funguo aliona doa la ukungu kwenye bawa la bundi, roho ikamruka. Akawasha mashine ya kukausha hewa, akafunga mlango, akaenda zake mapumziko ya mwisho wa juma. Mgonjwa hakumpitia akilini hata kidogo.

"Bundi angengoja, mama," mkubwa alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko matusi. "Yeye alishakufa. Huyu ndiye alikuwa bado."

Mama Funguo alinyunyiza maji mpaka jioni. Kijimea kilibaki na rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa.

Nyumbani alimkuta bintiye amejikunja mkekani, anakohoa. Pembeni, kitanda cha marehemu mwanawe wa kiume kilikuwa kimetandikwa, shuka zimenyooka, mto umekung'utwa asubuhi ile kama kila asubuhi tangu mazishi. Mama Funguo alikitazama kitanda, akaona haya.

Akavuta shuka.

"Amka, mwanangu. Panda kitandani."

Binti alimtazama, kisha akatazama kitanda. "Hapo ni pa kaka."

"Panda, nimekwambia."

"Sitaki, mama. Utakuja kunitoa." Akageukia ukutani. "Hapa nimeshazoea."

Mama aliketi sakafuni, baridi ikampanda mwilini, akaweka mkono juu ya mgongo wa bintiye. Mgongo haukumsogelea, wala haukujitoa.