Mguu wa Bi Sidi

Kabla Firoza hajaanzisha kikundi chake cha wauguzi wa majumbani, mgonjwa wa sukari mwenye donda mguuni ilimbidi ajikokote hadi hospitali, alifunue mbele ya foleni nzima. Firoza alilikataa hilo. Wauguzi wake huenda kwa mgonjwa, hupiga hodi, na hawagusi nguo yake mpaka aseme ndiyo. Akiulizwa fikra hiyo aliitoa wapi, hujibu, "Kwa marehemu mamangu. Alikuwa na huruma."

Jumanne moja alifuatana na Kasyoka, muuguzi mpya kikundini, hadi chumba kimoja mtaa wa Majengo. Kitandani alikaa bibi kizee, mguu umefunikwa leso. Firoza alimtambua papo hapo.

"Shikamoo, Bi Sidi."

"Marahaba. Leo ni Bi Sidi?" Bibi alimkazia macho. "Firoza wa Biashara Street."

Uso ulimwiva Firoza kwa haya. Sidi, enzi hizo akiitwa kwa jina tupu, alikuwa mtumishi wao walipokuwa wakiishi ghorofani juu ya duka la leso la babake. Firoza alipotimiza miaka tisa, Sidi aliungua mguu kwa mafuta akikaanga bajia za sherehe yake. Alifungwa kitambaa, akaambiwa aendelee na kazi. Wiki ya pili Firoza aliwaongoza wenzake wa shule hadi chumba cha uani, akaingia bila hodi, akaifunua leso ya Sidi wapate kuona usaha. Wakashika pua, wakacheka. Mamake Firoza alikuwa mlangoni. Alichosema ni kwamba wasichafue nguo zao.

"Kovu limefumuka," Sidi alisema. "Sukari hii."

Firoza akavaa glavu. "Niruhusu nikusafishe."

"La, mwanangu. Wewe mguu huu ushautazama. Huyu mwenzio atanitosha."

Alisema kwa upole, kama anayemkataza mtoto kushika kitu cha moto. Firoza alitaka kuomba msamaha. Badala yake alivua glavu, akatoka, akakaa kizingitini hadi kazi ilipokwisha.

Njiani Kasyoka aliuliza, "Sista, kumbe mwajuana?"

Firoza alimweleza yote, hata kwamba mamake hakuwa na huruma ile anayomsifia. Kasyoka alisikiliza, mkoba wa dawa kifuani. Hakumpa pole.

"Bi Sidi amesema Alhamisi niende peke yangu," alisema mwishowe.

"Basi nenda peke yako," Firoza akajibu, asiweze kumtazama usoni.