Posa Nisiyoipeleka

Mimi ni Anande, kinyozi wa Levolosi, mjini. Jioni nafundisha hisabati bure kwenye ukumbi wa kanisa kule Ngaramtoni, pamoja na kikundi cha watu waliochoka kuona watoto wa kidato cha nne wakirudi nyumbani na sifuri. Hisabati nilipata A, na sioni sababu ya kuificha.

Mwanafunzi wetu Naisula alikuwa na kichwa chepesi ila hakuwa na muda. Kengele ya shule ikilia, anakimbia kwao kuchukua maziwa ya jioni na kuyapeleka sokoni. Kwetu alionekana kwa nadra. Mtihani ulikuwa Novemba, na bila hisabati ndoto yake ya uuguzi ingeishia kwenye dumu la maziwa. Mkuu wa shule alikwenda kumwomba baba yake, Mzee Saruni, akakataliwa. Mwenyekiti wa kijiji naye akakataliwa. Tukaamua twende wenyewe.

Mama Prisca, kiongozi wa kikundi, ndiye aliyefunga mzigo: sukari, majani ya chai, na blanketi zito, kwa kuwa Julai baridi ya mlimani haina huruma. Mzee Aminiel, seremala, akaja awe msemaji, maana kijana haendi peke yake kumkabili mzee wa watu. Mimi nikaazima koti la kaka yangu. Kila kitu kwa upande wake kilikuwa adabu tupu. Vikiwa pamoja, vilikuwa posa. Hilo hatukuliona hadi tulipokwisha kuketi.

Tulisalimia, tukakabidhi mzigo. Mzee Saruni akautazama, akamtazama Aminiel, kisha akanitazama mimi kuanzia viatu hadi kola. Akatuma mtu awaite wadogo zake. Nikafurahi. Nikadhani suala la elimu limepewa uzito unaostahili.

Wadogo zake wakafika na fimbo zao. Mmoja, Mzee Lesian, akalikunjua blanketi na kumfunika kaka yake mabegani. Wakaongea Kimaasai kidogo, wakaridhika.

"Kijana ni wa wapi?" Mzee Lesian akamuuliza Aminiel, kana kwamba mimi ni mbuzi wa mnadani.

"Wazazi wake ni wa Machame. Yeye kazaliwa mjini."

"Mchagga. Basi kufanya kazi anajua. Anakunywa?"

"Soda," nikajibu.

"Hatujakuuliza wewe. Ana ng'ombe?"

"Ana saluni," akasema Aminiel, na jasho likaanza kumtoka kwenye baridi ile.

Nikamnong'oneza, "Mzee, hisabati inahitaji ng'ombe?"

"Nyamaza, mwanangu. Tumeposa."

"Tumemposa nani?"

"Sijui bado."

Mzee Saruni akakohoa. "Simaloi wangu ni mtu mzima. Ana cherehani yake, anajitegemea. Nilikuwa najiuliza wenye macho wako wapi. Nimekubali. Aitwe."

Simaloi, dada mkubwa wa Naisula, akaingia na futi ya kupimia nguo shingoni. Nyuma yake, mlangoni, Naisula alikuwa amesimama na dumu mkononi, akinitazama kama mtu anayetazama basi linaloondoka.

"Baba, hawa wamekuja kwa ajili yangu?"

"Wamekuja. Na blanketi nimeshavaa."

Simaloi akautazama mzigo, akatutazama sisi, akageuka kumtazama mdogo wake kwa kitambo. Kisha akasema, "Simtaki."

"Sababu?"

"Masikio. Na koti si lake."

Damu ikanipanda. Nikaanza kunyanyuka niseme kwamba mimi sikumtaka, sikuwa hata namjua, na kwetu Levolosi wapo wanaonitaka. Aminiel akanikanyaga mguu kwa buti la useremala. Nikaketi.

Mzee Saruni alikuwa ameinamisha kichwa. Amepokea posa mbele ya wadogo zake, binti kakataa mbele yao hao hao, na blanketi lililokwisha kupata joto la mzee halirudishwi.

"Kijana," akasema, "nimekuvunjia heshima. Omba kitu kingine."

"Mpe mbuzi," akashauri Mzee Lesian.

Aminiel akajikohoza. "Huyu ni mwalimu wa kujitolea. Anafundisha hesabu. Naisula akiruhusiwa kuhudhuria kila jioni hadi mtihani, nadhani moyo wake utapoa."

Wote wakanigeukia. Ilibidi nikiri kwamba moyo wangu una jeraha. Mimi. Nikaliona soko zima la Ngaramtoni likicheka, na habari ikishuka barabarani hadi kwenye kiti changu cha kunyolea. Mlangoni, Naisula alikuwa ameliweka dumu chini.

"Utapoa," nikasema. "Polepole."

"Pole sana, mwanangu," akasema Mzee Lesian, na alimaanisha.

"Na maziwa atapeleka nani?" mwingine akauliza.

"Aliyekataa," akasema Mzee Saruni.

Simaloi akaivua futi shingoni.

Alitusindikiza hadi njiani. Tulipofika mbali na masikio ya wazee nikamwambia, "Dada, ujue mimi sikuja kukuposa."

"Najua. Naisula alinieleza tangu jana. Ningesema mmekosea, baba angeaibika kwa makosa yenu na kuwafukuza. Nikikukataa, anaaibika kwa kosa langu, na lazima akulipe fidia."

"Kwa hiyo ya masikio yalikuwa mchezo tu."

"Hapana," akasema. "Hayo yalikuwa kweli." Akarudi kuchukua dumu.

Jumatatu Naisula alifika ukumbini kabla yangu, akakaa mbele kabisa, kalamu mkononi. Wenzake walikuwa wameshasikia. Kijana mmoja wa nyuma akainuka taratibu, akaniuliza kwa huruma kama niko sawa, na kama si sawa wanaweza kujisomea wenyewe leo.

Nikamwambia akae. Tulikuwa na milinganyo.

"Mwalimu," akasema Naisula, uso mkavu, "tuanze na ile rahisi. Usijichoshe."

Nikampa mgumu. Akaupata.