Mistari ya Mwalimu wa Hesabu

Wauguzi walimwita Bi Waya, naye hakukasirika. Mtu aliyebandika waya vichwani mwa watu miaka kumi na tisa, ungemwita nani? Kazi yake ilikuwa kunasa umeme wa ubongo na kuuonyesha kwenye skrini. Kusema umeonyesha nini ilikuwa kazi ya daktari. Sharti hilo alilijua vizuri, na siku hiyo alilivunja.

Mgonjwa alikuwa mwalimu wa hesabu, siku ya nane hajafumbua macho. Mumewe, fundi cherehani, alikaa ubavuni mwa kitanda akimsemesha kana kwamba wako sebuleni.

"Mama watoto, lile gauni nimelipunguza kiuno. Amka ulalamike basi."

Mistari kwenye skrini ilikuwa imelala tuli. Ghafla ikainuka: mawimbi ya taratibu, yakifuatana sawasawa. Moyo ukamruka Bi Waya, ulimi ukamteleza.

"Kaka, kuna kitu! Anasikia!"

Fundi alilia bila aibu, kisha akatoa kitambaa apenge kamasi. Mistari ikalala. Alipoanza kuongea tena, ikainuka. Hapo Bi Waya akateremsha macho sakafuni, akaona. Kiatu cha fundi kiligusa mguu wa kitanda, kikipanda na kushuka, kikikanyaga pedali isiyokuwepo. Baada ya miaka thelathini ya cherehani, mguu ulijiendea wenyewe. Kitanda kilitikisika kidogo tu, na waya zikatikisika nacho.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, daktari aje aseme. Lakini tumaini lile alikuwa amelitoa yeye, kwa mdomo wake.

"Nisamehe, kaka. Nimekosea. Ni mguu wako."

Fundi aliutazama mguu kama aliyemkuta mwizi ndani kwake. "Si yeye?"

"Si yeye."

"Hebu pima tena. Vizuri."

Ilitakiwa nusu saa ya utulivu. Fundi alikataa kusogea mbali na mkewe. Alilikamata goti lake kwa mikono miwili, macho kwenye skrini. Mistari haikuinuka hata mara moja. Bi Waya alijilaani kila dakika iliyopita.

"Tumemaliza, kaka," alisema hatimaye. Skrini ilikuwa bado inawaka. "Unaweza kuliachia goti."

Hakuliachia.

"Acha tu, dada," alisema. "Nikiliachia atafufuka tena, na mimi nitaamini."