Mkasi wa Baba

Baba na Baba Mkubwa walishona katika duka moja miaka thelathini bila kuachana kwa lolote, hata kiharusi kiliwapata ndani ya mwaka mmoja. Daktari alituchorea kichwa kwenye karatasi. Baba aliumia ubongo upande wa kushoto, kwa mbele: anaelewa, ila maneno hayatoki. Baba Mkubwa aliumia upande uleule, nyuma zaidi, karibu na sikio: maneno yanatiririka bila maana, na tunayomwambia hayamwingii.

Shangazi, dada yao, hakuitazama ile karatasi. Aliona mmoja anaongea na mwingine hasemi, basi akaamua Baba akae nyumbani na mkasi ashike Baba Mkubwa. Nilikasirika hadi nikajichoma sindano. Kumnyang'anya Baba mkasi ni kumzika akiwa hai.

Siku hiyohiyo, kabla Baba hajaondoka, akaingia mwalimu mkuu na kitambaa cha suti. Alitaka koti la vifungo viwili, na suruali isimbane. Baba Mkubwa akampokea kwa bashasha.

"Bila shaka, mheshimiwa. Dirisha lako tutalipika vizuri, mabega ya Jumanne yapo, wewe tulia tu."

Mwalimu mkuu akaduwaa. Shangazi akamtoa wasiwasi, akamwambia hiyo ni lugha ya kifundi. Baba Mkubwa, ambaye hakuambulia hata neno moja la mteja, akatandaza kitambaa, akachukua chaki na kuchora sketi. Sketi safi, ya marinda.

Baba akainuka kwenye kona yake, akamshika kaka yake mkono taratibu.

"Ko... ti," akasema, jasho likimtoka.

Zamani alipima huku akitaja namba, na kaka yake akiandika. Sasa namba zilikuwa zimemgomea. Akachukua uzi, akampima mwalimu mkuu mabega, kifua na kiuno, kila kipimo akikifungia fundo. Kisha akaifuta sketi na kuchora koti.

Shangazi akalitazama lile koti la chaki. Akampa Baba mkasi kwa mikono miwili. Halafu, kwa kuwa hakai bila kuamua, akamwambia Baba Mkubwa aende nyumbani akapumzike.

Baba akauweka mkasi chini. Akavuta kiti hadi kwenye meza ya kukatia, akamkalisha kaka yake.

"Kaka... hapa."

Ndipo akaanza kukata.