Kipimo cha Mikono ya Dada

Mimi ni fundi wa kuchomelea katika karakana ya mabasi, na sipendi kufundishwa kazi yangu. Meneja aliponiambia nitengeneze ubao wa chuma wa kupandishia viti vya magurudumu kwenye basi, nilimjibu, "Bosi, hilo niachie mimi."

Nilikuwa na sababu. Dada yangu mkubwa, ambaye hajawahi kutembea, alikuwa amepata kazi ya kupokea simu hospitalini. Angeanza Jumatatu. Miaka yote mimi ndiye niliyemsukuma kila aendako, lakini zamu yangu huanza alfajiri, yake saa tatu. Bila basi, kazi hiyo angeisikia kwenye bomba.

Alhamisi nikamkalisha fundi rangi, bonge la mtu, kwenye kiti cha kuazima, nikampandisha kwenye ubao mpya bila kutweta. Nikavimba kichwa, sikatai.

Ijumaa nikamleta dada ajionee. Nikashika vishikio vya nyuma.

"Toa mikono, mdogo wangu."

"Nikusaidie kidogo tu."

"Jumatatu utakuwepo?"

Nikatoa. Alifika nusu ya ubao, kiti kikaanza kurudi nyuma, nikamdaka. Akajaribu tena. Mara ya tatu jasho lilimtiririka, kiti kikarudi tena.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," fundi rangi akaninong'oneza.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Umepima kwa mikono yako," dada akasema taratibu. "Yangu hukuiuliza."

Nilimkasirikia, halafu nikajikasirikia mwenyewe. Miaka ishirini namsukuma, na sikujua mikono yake ina nguvu kiasi gani.

"Haya," nikasema, "wewe panda, mimi nipime."

Kila alipokwama nilipunguza mwinuko. Kufikia jioni ubao ulikuwa mrefu karibu mara mbili, wa kukunjwa katikati, na dada alikuwa amepanda mara nne mfululizo.

Jumatatu niliomba ruhusa ya saa moja, nikajibanza nyuma ya kibanda cha kituo. Dereva akashusha ubao. Dada akapanda polepole, peke yake, mpaka ndani. Kisha uso wake ukatokea dirishani.

"Toka huko nyuma, nimekuona kitambo. Utachelewa kazini."

Nikatoka. Nilifurahi, na nilikuwa nalia. Basi likaondoka, nami nikabaki pale kituoni, vidole vimekunjika kana kwamba bado vimeshika kile kiti.